Kapasita Zinaungua Tena? Pima Hatua kwa Hatua Kabla ya Kurudi Kariakoo

Kijana aliyenipigia simu alisema, "Shikamoo mzee," na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "zimelipuka tena." Alikuwa anazungumzia kapasita za paneli ya pawa fakta (uwiano wa umeme unaofanya kazi na umeme wote unaovutwa) kwenye kiwanda kimoja cha plastiki kando ya Barabara ya Nyerere. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza walisema ni joto la Februari, wakafunga feni. Mara ya pili walisema wameuziwa feki. Mara ya tatu mwenye kiwanda aligoma kutoa hela mpaka mtu amweleze kwa nini.

Nilipofika nilikuta makopo mawili yamevimba vichwa, mengine kumi mazima. Transfoma nzima, kontakta (swichi zinazounga kapasita) nzima, nyaya zimekazwa vizuri. Ukikagua kifaa kimoja kimoja, paneli ile haikuwa na ugonjwa. Na hapo ndipo mafundi wengi tunapopotea, maana tumezoea kutafuta kifaa kibovu. Rezonansi haina kifaa kibovu. Kapasita nzima na transfoma nzima zinakutana kwenye masafa fulani, zinaanza kuitikiana, na mkondo unaozunguka kati yake unakuwa mkubwa kuliko ule uliotoka kwenye chanzo.

Haya yanamhusu fundi wa kiwanda, hoteli au ghorofa lenye transfoma yake, paneli ya kapasita na draivu za mota, yaani vifaa vinavyodhibiti mwendo wa mota. Kama unahangaikia feni ya nyumbani inayovuma, tatizo lako ni jingine.

Kinachotokea

Panda daladala ya zamani, kaa karibu na dirisha. Gari likiwa kwenye foleni injini inaunguruma taratibu na kioo kimetulia. Dereva akikanyaga mafuta kidogo, inafika mahali kioo chote kinapiga kelele mpaka unakishika kwa mkono. Akizidisha, kimya. Kioo hakijalegea zaidi wala kidogo. Mwendo wa injini umegonga mwendo wa kioo, basi.

Kwenye umeme, koili (na transfoma ni koili) upinzani wake unapanda masafa yakipanda. Kapasita ni kinyume, upinzani wake unashuka. Lazima kuwe na masafa ambapo upinzani wa hizo mbili unalingana. Hapo kila moja inarudisha nishati wakati mwenzake anaipokea, na kinachobaki kuzuia mkondo ni ukinzani mdogo wa nyaya tu.

Umeme wetu ni 50 Hz, na paneli ya kawaida haifiki karibu na rezonansi kwenye 50 Hz. Shida inaletwa na hamoniki, yaani mikondo yenye masafa mara kadhaa ya 50 Hz. Draivu ya kawaida ya fezi tatu, yenye daraja la dayodi sita, haivuti mkondo laini. Inavuta kwa vipande, na vipande hivyo vina ndani yake mikondo ya mara 5, mara 7, mara 11 na mara 13 ya 50 Hz, yaani 250, 350, 550 na 650 Hz. Mashine za plastiki siku hizi zina draivu kila kona.

Tofauti na daladala ni hii: kwetu mwendo wa injini haubadiliki. Hamoniki ziko palepale asubuhi hadi jioni. Kinachobadilika ni kioo, kwa sababu kila rigyuleta (kidhibiti cha paneli) inapoingiza hatua moja ya kapasita, masafa ya rezonansi yanahama.

Kabla hujagusa chochote

Kapasita inabaki na chaji baada ya kuzimwa. Kiwango cha IEC 60831 kinataka ishuke hadi volti 75 ndani ya dakika 3, lakini hiyo ni kama vizuizi (rezista) vya kutolea chaji viko hai, na kwenye paneli iliyoungua mara nyingi na vyenyewe vimeungua. Zima, subiri dakika tano, pima kila jozi ya fezi, kisha unganisha termino kwa waya. Kopo lililovimba usiligonge lirudi. Nimeona mtu mwenye nyundo akifanya hivyo. Kuvimba ndiko kulikokata waya wa ndani ili kopo lisipasuke, na ukiligonga unarudisha hatari iliyokuwa imeshaondolewa.

Dalili ya kwanza: makopo yanavimba, fyuzi zinakatika, lakini mengine kando yake mazima

Kwanza hakikisha ni kapasita gani zimekufa kweli. Kopo la fezi tatu lililoandikwa 25 kVAr (kipimo cha nguvu tendaji, ile inayotolewa na kapasita), 400 V, lina lebo ya 3 × 166 µF hivi. Ukiweka mita ya kapasita kwenye termino mbili husomi 166. Unasoma 249, mara moja na nusu, kwa sababu ndani zimefungwa delta (pembetatu) na zile mbili nyingine zinasaidia. Ukikuta 249, 249, 249, kopo zima. Ukikuta 83, 166, 166, kipande kimoja ndani kimefunguka. Kijana alikuwa ametupa makopo mawili mazima kwa sababu mita ilisoma 249 na lebo inasema 166, akadhani "imebadilika thamani". Si kosa lake peke yake, lebo haielezi.

Kisha washa, pima mkondo wa kila kopo. Hapa klampu mita yako ndiyo hakimu, na mahakimu wengine hawafai. Klampu za bei rahisi zinapima wastani na kudhani umbo la mkondo ni laini. Mkondo wenye hamoniki nyingi zinausoma kwa makosa, na mara nyingi zinausoma chini. Tafuta iliyoandikwa True RMS. Kopo la 25 kVAr kwenye 400 V linatakiwa kuvuta ampea 36. Kiwango kinaruhusu kuzidi hadi mara 1.3, yaani karibu 47. Kwenye paneli ile, klampu ya kijana ilisoma 44, akaridhika. Yangu ilisoma 58.

Ampea 58 kwenye kopo la 36, huku volti ni 402. Kapasita haiwezi kuvuta ziada hiyo kwa 50 Hz peke yake. Ziada imetoka kwenye masafa ya juu.

Piga hesabu, ni ya dakika mbili

Soma lebo ya transfoma. Ile ilikuwa 500 kVA, impidansi asilimia 4. Gawa 500 kwa 0.04, unapata 12,500 kVA: hiyo ndiyo nguvu ya shoti kwenye basba zako (vyuma vikuu vya kugawia umeme). Igawe kwa kVAr zilizoingia, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mara ngapi ya 50 Hz rezonansi inakaa.

Paneli ilikuwa na hatua sita za 50 kVAr, kila hatua makopo mawili:

hatua 1 (50 kVAr): 15.8
hatua 2 (100 kVAr): 11.2
hatua 3 (150 kVAr): 9.1
hatua 4 (200 kVAr): 7.9
hatua 5 (250 kVAr): 7.1
hatua 6 (300 kVAr): 6.5

Angalia ya pili na ya tano. Moja imekaa juu ya hamoniki ya 11, nyingine juu ya ya 7, na ya 7 ndiyo kubwa zaidi kati ya hizo mbili. Usidai desimali hapa. Laini ya 11 kV inayokuja kwenye transfoma nayo ina impidansi yake ambayo sikuihesabu, kwa hiyo namba halisi zinashuka kidogo. Na kama makopo yako yameandikwa 440 V lakini yanafanya kazi kwenye 400 V, zidisha kVAr za lebo kwa 0.83 kwanza, kopo la 25 linakupa 20.7 tu. Watu wengi wanaruka hapo na hesabu yote inapinda.

Dalili inayonipendeza: ukiongeza kapasita, hali inakuwa nafuu

Kama unaweza kufanya kipimo kimoja tu, fanya hiki. Subiri mashine zote ziwe zinafanya kazi. Weka rigyuleta kwenye hali ya mkono. Ingiza hatua moja, pima ampea za kopo la kwanza, andika. Ingiza ya pili, pima kopo lilelile, andika. Endelea mpaka ya sita.

Kopo la kwanza halijui wenzake wangapi wameingia. Kama hakuna rezonansi, ampea zake zitabaki karibu na 36 mwanzo hadi mwisho. Sisi tulipata 38, 45, 37, 42, 58, 47. Nilimwambia kijana asome kwa sauti, akafika kwenye ya sita akanyamaza, akasoma tena. "Mzee, imeshuka." Ndiyo. Hatua ya tano kopo linachemka, ukiongeza ya sita linapumua. Kontakta mbovu haiponi kwa kuongezewa mzigo, na waya uliolegea vilevile. Kitu pekee kinachopanda halafu kushuka unapoongeza ni kile kioo cha daladala.

Na transfoma nayo ilikuwa inasema. Transfoma nzima inavuma kwa 100 Hz, sauti nzito ya chini. Kwenye hatua ya tano sauti ilipanda ikawa kali, kama bati linalotetemeka. Mlinzi wa getini alituambia anaijua sauti hiyo, "huwa inakuja saa nane mchana." Saa nane ndiyo zamu zinapopishana, mashine zote zimewaka, na rigyuleta inasimama kwenye hatua tano. Tungemuuliza mlinzi mwaka uliopita, tungeokoa hela.

Shida inakuja jenereta ikiwaka tu

Jenereta ni chanzo dhaifu kuliko transfoma, kwa hiyo rezonansi inashuka. Chukua jenereta ya 300 kVA yenye riaktansi ya awali (inayoshika nafasi ya ile impidansi ya transfoma) ya asilimia 12: nguvu yake ya shoti ni 2,500 kVA. Hatua mbili tu za paneli, 100 kVAr, zinakupeleka kwenye 5 kamili. Hamoniki ya 5 ndiyo kubwa kuliko zote kwenye draivu. Paneli iliyotulia mwaka mzima kwenye gridi inaweza kulipuka siku moja ya jenereta.

Kuna balaa la pili. Usiku mzigo ukiwa mdogo, kapasita zinaipelekea jenereta nguvu tendaji isiyoitaka, rigyuleta yake ya volti inaishiwa cha kupunguza, na volti zinapanda zenyewe. Taa zinang'aa kupita kiasi, UPS zinakataa kupokea umeme.

Tiba ni rahisi na sijui kwa nini haifanywi tangu siku ya kwanza: chukua kontakti msaidizi kutoka kwenye swichi ya kubadilisha chanzo, ikate waya wa kontroli wa paneli ya kapasita. Jenereta ikishika, kapasita zote nje. Bili inayotozwa kwa kVA ni ya TANESCO. Jenereta haikutozi pawa fakta.

Draivu moja inazima saa ileile kila siku, ikionyesha volti zimezidi

Hii ni rezonansi ya muda mfupi mno. Kapasita tupu ikiunganishwa ghafla, inavuta mkondo mkubwa, kisha yenyewe na koili ya laini zinayumba kwa masafa yake ya asili kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kilele cha volti kinaweza kukaribia maradufu. Ndani ya draivu ya 400 V, upande wa mkondo mnyoofu kuna volti kama 565 kwa kawaida, na nyingi zinajizima zikikaribia 800.

Simama mbele ya paneli, sikiliza kontakta. Draivu ikizima sekunde ileile kontakta inapogonga, umepata. Angalia kama kontakta ni za kapasita, zile zenye vizuizi vya waya pembeni vinavyotangulia kuunga. Mara nyingi fundi aliyetangulia ameweka kontakta ya mota kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Kama kontakta ni sahihi lakini vizuizi vimeungua, matokeo ni yaleyale. Choki (koili inayofungwa mfululizo) mbele ya draivu nayo inasaidia.

Jumapili, kiwanda kimefungwa, kopo la moto

Hapa wengi wanabisha: hakuna draivu inayowaka, hamoniki zitoke wapi? Kwa jirani. Kapasita iliyoachwa imeungwa moja kwa moja, na transfoma yako mbele yake, zinakuwa mnyororo wa koili na kapasita ukitazama kutoka upande wa 11 kV. Kwenye masafa yake mnyororo huo ni njia nyepesi kuliko zote mtaani, na hamoniki za viwanda vya jirani zinaiona. Unawabebea wenzako uchafu bure.

Dalili yake ni ampea nyingi kwenye kapasita na karibu sifuri kwenye mashine. Tafuta hatua iliyoachwa kwenye hali ya mkono, au kapasita ya kudumu aliyoifunga mtu kwenye transfoma zamani. Itoe, au ifungie choki.

Zinazofanana lakini sizo

Nyutro kuungua kwenye jengo la ofisi lenye kompyuta na taa za LED nyingi: hiyo ni hamoniki ya 3, ambayo kwenye fezi tatu hazifutani bali zinajumlishana kwenye nyutro. Haihitaji rezonansi. Ongeza unene wa nyutro.

Makopo yote yamedhoofika kwa pamoja, polepole, bila fyuzi kukatika: joto. Kapasita za daraja D zinavumilia hewa ya nyuzi 55 kwa kilele, lakini wastani wa saa 24 usizidi 45. Chumba cha bati kinachopigwa na jua la Temeke mwezi wa pili, feni imezibwa na vumbi la plastiki, kinapita hapo bila kelele. Fezi moja tu inachemka kwenye termino: skrubu imelegea, kaza kwa kipimo.

Tiba yenyewe

Siku ileile tulifunga rigyuleta isivuke hatua tatu. Kwenye 9.1 hakuna cha kugonga, kwa sababu draivu za fezi tatu zikiwa na uwiano mzuri hazitoi hamoniki ya 9 ya maana. Pawa fakta ilishuka na bili ikapanda kidogo. Mwenye kiwanda alinuna, lakini hakununua makopo tena mwezi ule.

Tiba ya kudumu ni choki mbele ya kila hatua. Ya asilimia 7 ndiyo ya kawaida kwa draivu za fezi tatu. Inaifanya hatua yenyewe iwe na rezonansi kwenye 189 Hz, chini ya hamoniki ya 5, na juu ya hapo kila hatua inajibeba kama koili, haiwezi tena kuitikiana na transfoma. Kama hamoniki ya 3 ni kubwa kwako, chukua ya asilimia 14, inayokaa 134 Hz.

Makosa mawili yanarudia. La kwanza ni kuweka choki na kubakiza makopo ya 400 V. Choki ya asilimia 7 inapandisha volti za kapasita kutoka 400 hadi 430 muda wote. Nunua ya 440 kwa uchache. Mimi naweka 480, maana volti zetu usiku hazikai 400. La pili ni kuweka choki kwenye hatua tatu na kuacha tatu tupu ili kuokoa hela. Zile tupu zitaitikiana na transfoma kama zamani. Ama zote, ama usianze.

Halafu pima kila miezi sita, kwa sababu choki haizeeki kama kapasita. Kapasita ikipungua, 189 Hz inapanda: ikipoteza asilimia 20 uko 211, na ikibaki na asilimia 57 ya mwanzo umekaa juu ya 250 Hz kamili, hamoniki ya 5, na choki yako sasa inaivuta badala ya kuikwepa. Ndani ya mlango wa paneli ile tumebandika kadi. Mstari wa kwanza kijana aliandika thamani za kopo jipya la 30 kVAr, 480 V: 207, 208, 206. Kopo likisoma chini ya 186, linatoka, hata kama halijavimba.